Kutoka Kisiwani hadi Sayarini: Hadithi ya Hazina, Lugha ya Mabaharia na Watambaji wa Filamu wa Eastlands

Mnamo Novemba 2002, kampuni ya Walt Disney ya Marekani ilitoa filamu ya katuni iitwayo Treasure Planet, jina ambalo kwa Kiswahili laweza kutafsiriwa Sayari ya Hazina. Filamu hii iliongozwa na Ron Clements na John Musker, nayo ni usimulizi mpya wa Treasure Island, riwaya ya Mskoti Robert Louis Stevenson iliyotoka kwanza kwa mfululizo katika gazeti la vijana kati ya mwaka wa 1881 na 1882, kisha ikachapishwa kuwa kitabu mwaka wa 1883. Kisiwa kimegeuzwa sayari na bahari imegeuzwa anga. Merikebu imebaki merikebu, ila sasa matanga yake hunasa mwanga wa jua. Kwa upande wa biashara filamu hiyo haikufua dafu: iligharimu takriban dola milioni 140 na kukusanya takriban dola milioni 110 tu ulimwenguni kote. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya uhuishaji, tuzo ambayo mwaka wa 2003 ilitwaliwa na Spirited Away ya Mjapani Hayao Miyazaki.

Filamu iliyoshindwa sokoni yaweza kuonekana kuwa mada hafifu kwa jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Sababu ya kuijadili ni hii. Mtoto wa Kayole, Umoja au Jericho anapotazama filamu ya aina hii huitazama kwa Kiingereza, na polepole hujengeka akilini mwake imani kwamba vyombo vya angani, roboti na nyota zinazolipuka ni mambo yasiyosemeka kwa Kiswahili. Imani hiyo haiko kwa watoto pekee. Husikika hata katika kumbi za mihadhara, pale mwanafunzi wa shahada anapodai kwamba bunilizi ya kisayansi ni utanzu wa kigeni ambao lugha hii haina msamiati wake. Makala haya yanaitazama filamu hii moja kwa jicho la Kiswahili, kuanzia tafsiri ya zamani ya kitabu kilichoizaa, kupitia lugha ya mabaharia wa Pwani, hadi sauti ya mtambaji katika vibanda vya video vya Eastlands, Nairobi.

Kilichobadilishwa na kilichoachwa

Katika riwaya, Jim Hawkins ni mwana wa mwenye nyumba ya wageni iitwayo Admiral Benbow. Baharia mlevi, Billy Bones, anafia humo, na ndani ya sanduku lake yapatikana ramani ya kisiwa ambamo haramia Flint alifukia hazina yake. Katika filamu, nyumba hiyo ya wageni iko kwenye sayari ya Montressor, Bones anaanguka na chombo chake kutoka angani, na ramani imekuwa tufe la madini linalofunguka na kumwaga picha ya nyota chumba kizima. Daktari Livesey na Bwana Trelawney wameunganishwa kuwa mtu mmoja, mwanafalaki Doppler, mwenye uso wa kukumbusha mbwa. Nahodha Smollett amekuwa Nahodha Amelia, mwanamke mwenye sura ya paka na ulimi mkali kuliko wembe. Ben Gunn, aliyetelekezwa kisiwani kwa miaka mitatu hadi akaanza kurukwa na akili, ni roboti aliyenyofolewa sehemu ya kumbukumbu zake. Kasuku wa Silver ni kiumbe kidogo kiitwacho Morph kiwezacho kujigeuza umbo lolote. Naye John Silver mwenyewe, mpishi wa meli mwenye mguu mmoja na gongo, amepewa mkono, mguu na jicho la mitambo.

Mabadiliko hayo ni mengi, lakini mifupa ya hadithi haikuguswa. Tukio maarufu zaidi katika riwaya, lile la Jim kujikuta ndani ya pipa la matofaa akisikiliza njama za waasi, limehifadhiwa. Ni matunda tu yaliyobadilika. Watayarishaji walijiwekea kanuni kwamba asilimia 70 ya kinachoonekana iwe ya kale na asilimia 30 iwe ya kisayansi. Ndiyo maana mabaharia wa anga wanavaa makoti ya karne ya 18, chombo kina milingoti na kamba, na hakuna anayevaa mavazi ya mwanaanga, kwani anga ya hadithi hii imejaa hewa ya kuvuta. Msomi wa fizikia atachukizwa. Msomi wa fasihi atatambua kwamba hiyo ni kanuni ya zamani ya watambaji wote: hadhira hupewa jambo geni likiwa limebebwa na mambo mengi inayoyajua.

Hata namna filamu ilivyochorwa ilifuata mgawanyo huo. Neno uhuishaji latokana na kitenzi huisha, yaani kutia uhai, na katika Silver uhai ulitiwa kwa mikono miwili tofauti. Mchoraji Glen Keane alichora mwili wake kwa penseli kama ilivyokuwa desturi ya zamani, ilhali mkono wake wa mitambo ulitengenezwa kwa kompyuta chini ya Eric Daniels. Mhusika aliye nusu mtu na nusu mashine alizaliwa na sanaa iliyokuwa nusu kalamu na nusu mashine.

Badiliko linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko yote halihusu anga wala mitambo. Katika riwaya ya Stevenson, baba yake Jim anafariki kwa maradhi katika sura za mwanzo, na kifo chake kinapita upesi. Katika filamu, baba hakufa. Aliondoka. Mtazamaji humwona Jim akiwa mtoto, akikimbia kumfuata baba anayepanda chombo bila kugeuka nyuma, na mama akibaki kuendesha nyumba ya wageni peke yake. Jim anapokuwa barobaro anavunja sheria kwa kuruka na ubao wake wa matanga mahali palipokatazwa, na polisi wa roboti wanamrudisha nyumbani wakimpa mama onyo la mwisho. Kwa badiliko hilo moja, hadithi ya kusaka dhahabu imekuwa hadithi ya kijana anayemtafuta mtu wa kumwita baba, na mtu anayempata ni haramia. Silver anamfundisha kazi, anamtetea, anamsaliti, kisha mwishoni, mtego wa Flint unapoanza kuibomoa sayari yote, anaiachilia merikebu iliyosheheni dhahabu ili aushike mkono wa Jim asiangukie motoni.

Hapo ndipo filamu hii inapokaribia mitaa ya Nairobi bila yenyewe kujua. Mama anayeendesha biashara ndogo peke yake, mwana anayejulikana na polisi kabla ya kujulikana na mwajiri, mzee wa mtaani anayempa kijana kazi ambayo huenda ni halali na huenda si halali: huhitaji kumweleza mkazi wa Dandora au Huruma nini maana yake. Stevenson aliandika hadithi ya mvulana aliye salama anayekwenda hatarini. Clements na Musker walimwandika mvulana ambaye hatari ilimwanzia nyumbani.

Kiswahili na chombo kiendacho angani

Hadithi hii si ngeni katika Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Frederick Johnson, afisa wa elimu wa Tanganyika, akishirikiana na E. W. Brenn, aliitafsiri riwaya ya Stevenson kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Kitabu hicho kilikuwa miongoni mwa tafsiri kadhaa za wakati huo, ikiwemo Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambazo zilisomwa shuleni kwa vizazi viwili au vitatu. Ikumbukwe kwamba ni miaka hiyo hiyo ambapo Kiswahili kilikuwa kinasanifishwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka wa 1930, na Johnson huyo huyo akawa katibu wake wa kwanza hadi kifo chake mwaka wa 1937. Kamusi iliyoanzishwa naye ilitoka mwaka wa 1939. Kwa hiyo mtu aliyewaleta maharamia wa Stevenson katika Kiswahili ndiye aliyekuwa akiamua maneno gani yaingie kamusini. Wahakiki wamezilaumu tafsiri hizo, na kwa haki, kwa kuwa zilibeba mtazamo wa mkoloni na kuifanya hadithi ya Ulaya kuwa kielelezo cha nathari. Lakini jambo moja huwa halisemwi. Kwa kitabu hiki, mtafsiri hakulazimika kuunda lugha. Aliikuta tayari katika vinywa vya watu waliosafiri kwa majahazi kutoka Lamu hadi Kilwa, na kutoka huko hadi Omani na Ghuba.

Mabaharia wa Pwani walikuwa na jina kwa kila kipande cha chombo na kila kazi yake. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Mti unaoshika tanga ni foromali, nao hupandishwa kwenye mlingoti. Upande unaotoka upepo ni wa joshi, na upande wa pili ni wa demani. Anayeongoza chombo ni nahodha, anayewasimamia mabaharia ni serahangi, na anayejua njia, miamba na mikondo ni rubani. Tanga hutwekwa, kisha hutuliwa. Nanga hutiwa, kisha hung'olewa. Methali ya watu hao, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, ingeweza kuwa muhtasari wa safari nzima ya Jim Hawkins, anayeanzia katika nyumba ya wageni ya mama yake na kuishia humo.

Sasa yatazamwe maneno hayo yalikofika. Rubani, aliyekuwa mjuzi wa njia za baharini, leo ndiye anayeendesha ndege, na hakuna Mkenya anayeshtuka akilisikia neno hilo kwenye kiwanja cha ndege cha Embakasi. Ndege hutua, kwa kitenzi kile kile cha tanga na cha mzigo. Chombo, jina la jahazi kwa watu wa Pwani, ndilo lililobeba istilahi ya chombo cha angani. Nahodha yuko katika kila timu ya kandanda. Ligi hung'oa nanga kila msimu katika kurasa za michezo, na wanahabari wanaoandika hivyo huenda hawajawahi kuigusa nanga kwa mkono. Usukani uko katika kila matatu ya Jogoo Road. Neno dira limetoka katika sanduku la nahodha na kuingia katika mipango ya maendeleo ya serikali. Hata bandari imehama: tangu mwaka wa 1984, Embakasi ina bandari ya nchi kavu, ambako makontena kutoka Mombasa hupokelewa mamia ya kilomita kutoka baharini. Mtu akitaka kuona lugha ikifanya kile ambacho filamu ya Disney ilifanya, yaani kuichukua merikebu na kuipeleka mahali pasipo maji, hahitaji kwenda mbali na Eastlands.

Kwa hiyo filamu ambayo Mwingereza huiona kuwa ya ajabu, ya merikebu za matanga katikati ya nyota, katika Kiswahili ni jambo linalofuata mkondo wa lugha yenyewe. Nyota nazo zina majina. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali vilikuwa katika vitabu vya falaki karne nyingi kabla ya kuingia katika vitabu vya sayansi vya shule, na Kilimia ilitumiwa na wakulima kukadiria msimu wa kulima. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia majina hayo katika hadithi za vijana.

Kuna ushahidi mwingine, na huu ni wa kihistoria. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 yaelekea ni shimo jeusi, mfano wa lile ambalo katika filamu nusura liimeze merikebu ya Nahodha Amelia. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2002, mwaka ule ule filamu ilipotoka. Hivyo chombo halisi cha anga, chenye jina la Kiswahili, kiling'oa nanga katika maji yale yale yaliyopitiwa na majahazi, na kwenda kuyatafuta mashimo meusi miaka 32 kabla ya Jim Hawkins wa Disney. Ni ajabu kwamba hakuna anayeifundisha habari hii katika somo la Kiswahili.

Kibandani

Vibanda vya video vilienea katika mitaa ya mashariki ya Nairobi katika enzi ya kanda za VHS, na baadaye vikaingia katika enzi ya diski. Kwa kawaida ni chumba cha mabati au cha mbao, chenye mabenchi, televisheni iliyoinuliwa juu, na kiingilio cha shilingi chache. Baadhi vimegeuka kuwa mahali pa kutazama ligi ya Uingereza. Lakini kilichovipa vibanda hivi nafasi katika historia ya sanaa ya maneno ni mtu anayeketi na maikrofoni: mtambaji wa filamu, ambaye mtaani huitwa didjei. Sauti ya filamu inapunguzwa, naye anaipandisha yake. Anaeleza kisa, anasema maneno ya wahusika wote kwa sauti mbalimbali, anawapa majina mapya, anawatania, anawaonya, na pale filamu inapokuwa na ukimya mrefu anaujaza kwa maelezo ambayo mwandishi wake hakuyaota. Nchini Kenya anayejulikana zaidi ni DJ Afro, ambaye rekodi zake zilivuka mipaka ya vibanda zikaingia majumbani na kwenye intaneti.

Sanaa hii haikuanzia Nairobi wala haiishii huko. Wajapani walikuwa na wasimulizi wao wa filamu bubu, walioitwa benshi. Katika Tanganyika, mradi wa filamu za mafunzo wa BEKE, ulioendeshwa kati ya mwaka wa 1935 na 1937, uliandamanishwa na maelezo kwa Kiswahili na lugha nyingine, yakitolewa kwa sahani za santuri na kwa kipaza sauti. Uganda ina watambaji wake wanaotumia Kiganda. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, ambaye kazi zake zimechambuliwa na Mjerumani Matthias Krings katika kitabu chake cha mwaka wa 2015. Ni jambo la kutafakari kwamba uchambuzi huo ulitoka Ujerumani, ilhali idara za Kiswahili zilizo umbali wa nauli moja ya matatu kutoka vibandani zimekuwa na haya ya kuingia.

Haya hiyo ina jina, nalo ni Sheng. Mtambaji wa Eastlands huzungumza Kiswahili kilichochanganywa na msimbo uliozaliwa katika mitaa hiyo hiyo. Sheng imejadiliwa na wanaisimu kwa muda mrefu: Alamin Mazrui aliiandikia mwaka wa 1995, Ireri Mbaabu na Kipande Nzuga wakatoa kamusi yake mwaka wa 2003, na Chege Githiora akaitolea kitabu kizima mwaka wa 2018. Lakini mjadala mwingi umekuwa juu ya maneno: yametoka lugha gani, yamebadilikaje, yanaharibu insha za wanafunzi kwa kiasi gani. Swali la sanaa limeachwa. Mtambaji anapofanya kazi yake kibandani, Sheng ni kipande kimoja tu cha zana zake. Zana nyingine ni zile zile zilizoorodheshwa katika kila kitabu cha fasihi simulizi: takriri, tanakali za sauti, kiimbo, uchokozi wa hadhira, na uhuru wa kurefusha au kufupisha kulingana na nyuso anazoziona mbele yake. Wanafunzi huzikariri zana hizo kwa ajili ya mtihani, wakipewa mfano wa bibi anayetamba ngano jioni kando ya moto. Bibi huyo amekuwa nadra Nairobi. Mtambaji yupo.

Filamu zinazopendwa zaidi vibandani ni za mapigano, za Kihindi na za Kichina. Katuni si chakula cha kila siku. Hata hivyo, si vigumu kubashiri mtambaji angeifanyia nini Sayari ya Hazina, maana kanuni zake zinajulikana. Angeanza na mama, si na sayari. Polisi wa roboti wangeitwa makarao mara tu waonekanapo, na kibanda kizima kingejua ni watu wa aina gani. Doppler angekuwa daktari wa chuo kikuu ambaye hajawahi kupanda gari la umma. Silver angepewa jina la mpishi wa kibanda cha chakula, mwenye maneno matamu na kisu kirefu. Na pale baba anapoondoka, mtambaji angenyamaza. Wanaozijua kazi za aina hii watakubali kwamba kunyamaza huko, kwa mtu anayelipwa ili aseme, ni uamuzi wa kifani usiopungua wowote wa Keane na penseli yake.

Mtambaji, kwa hakika, anafanya kazi ile ile waliyoifanya Disney: anachukua kisa cha watu wengine na kukihamishia katika mandhari anayoyajua. Disney walimhamisha Stevenson hadi angani. Yeye angewahamisha Disney hadi Kariobangi. Tofauti iko kwenye sheria. Riwaya ya Stevenson, aliyefariki mwaka wa 1894, ni mali ya umma, na yeyote aweza kuisimulia upya. Filamu ya mwaka wa 2002 ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 humpa mwenye kazi haki ya kuidhinisha tafsiri na mageuzi yake. Kiswahili kina neno moja tu kwa mwizi wa baharini na kwa anayenakili filamu bila idhini: wote ni maharamia. Kwa sababu hiyo rekodi za watambaji haziwezi kuhifadhiwa kwa urahisi katika maktaba yoyote ya chuo. Kanda zinachakaa, diski zinakwaruzika, na utanzu mzima wa fasihi simulizi ya mjini unapotea huku ukitazamwa. Mtafiti mwenye daftari, hata hivyo, havunji sheria yoyote kwa kuketi kwenye benchi na kuandika namna mtambaji anavyowatambulisha wahusika.

Walenisi, na neno moja gumu

Anayedai kwamba bunilizi ya kisayansi haijafika katika Kiswahili cha Kenya hajamsoma Katama Mkangi. Katika Walenisi, riwaya yake ya mwaka wa 1995, shujaa Dzombo anahukumiwa kifo cha kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Badala ya kuangamia anajifunza kukiongoza, na kinamfikisha katika nchi iitwayo Walenisi, jina linalofumbuka likitamkwa polepole: wale ni sisi. Mkangi alikuwa mwanasosholojia aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, na chombo chake cha anga ni adhabu kabla ya kuwa usafiri. Riwaya hiyo hufundishwa kama riwaya ya kisiasa, jambo ambalo ni sahihi, lakini mara chache huwekwa kando ya kazi za anga. Iwekwe kando ya Sayari ya Hazina, na tofauti moja itajitokeza: Jim anakwenda angani ili arudi nyumbani akiwa mtu mzima, ilhali Dzombo anakwenda kuona nyumbani kungekuwaje.

Utaalamu wa uhuishaji nao upo. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, wenye hadithi za wanyama wa Afrika, ulitengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka wa 2010, na Ubongo Kids ya Tanzania imekuwa ikiwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili cha katuni tangu mwaka wa 2014. Ng'endo Mukii, mhuishaji wa Kenya, ni mmoja wa waelekezi wa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi za Kiafrika za siku zijazo uliotolewa na Disney yenyewe mwaka wa 2023. Jina la mkusanyiko huo ni la Kiswahili. Filamu zenyewe zilitolewa kwa Kiingereza. Jambo hilo halijawashughulisha sana wanachama wa vyama vya Kiswahili.

Iwapo siku moja mwanafunzi atajaribu kuandika Kiswahili cha Sayari ya Hazina, kwa ajili ya zoezi la darasani au la kibandani, hatakwama kwenye merikebu wala kwenye nyota. Atakwama kwenye neno dogo. Silver, katika filamu, humwita Jim kwa jina la utani, Jimbo. Kwa Kiingereza ni namna ya kubembeleza. Kwa Kiswahili jimbo ni eneo analowakilisha mbunge, na kwa Mkenya mwenye umri fulani ni mzizi wa siasa zote za majimbo tangu katiba ya mwaka wa 1963. Haramia akimwita kijana Jimbo mbele ya hadhira ya Makadara, kicheko kitakachofuata si kile alichokikusudia mwandishi. Mtafsiri aweza kuchagua mwanangu, lakini neno hilo litafichua mapema mno kile ambacho Silver mwenyewe hataki kukikubali. Kijana ni neno baridi, ingawa laweza kupashwa moto kwa sauti. Bwana mdogo lina kejeli ya mpishi anayemjua mkubwa na mdogo wake. Pengine njia iliyo bora ni kuanza na bwana mdogo jikoni, kushuka hadi kijana baada ya dhoruba, na kuliweka mwanangu akiba hadi pale mkono wa mitambo unapoiachilia merikebu ya dhahabu, likatamkwa mara moja tu.